Usukani wa Ford ya 1940 unacheza: tuanzie wapi?

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Nina Ford ya mwaka 1940 iliyofanyiwa kastomu na wamiliki wawili kabla yangu. Ekseli ya mbele imeshushwa, boksi la stelingi si la kwake, wanasema ni la Chevrolet Vega, na tairodi hakuna anayejua zimetoka gari gani. Usukani unacheza kama vidole vinne, na nikipita kwenye tuta gari linahama upande bila mimi kugeuza. Fundi wa kwanza anataka kuchomelea vichwa vya tairodi vilivyolika. Wa pili anasema ninunue seti mpya nzima. Nitajuaje spea zipi zinanihusu, nizitafute wapi, na nikishazifunga nizitunzeje?"

Marahaba. Nianze na hao mafundi wawili. Usikubali kuchomelea, na usinunue seti bado. Kuchomelea kunaweza kukuua. Seti nzima haitakuua, lakini inaweza kukuacha na ugonjwa uleule, kwa sababu gari lako, kwa jinsi ulivyolieleza, lina magonjwa mawili tofauti. Kucheza kwa usukani ni jambo moja, na kuhama upande kwenye tuta ni jingine kabisa. Hilo la pili sidhani kama linatokana na tairodi.

Tukubaliane majina kwanza. Chini ya boksi la stelingi kuna mkono unaozunguka, ndio pitimani. Kutoka kwenye pitimani inakwenda fimbo ndefu mpaka kwenye mkono wa gurudumu moja, hiyo ndiyo dragi linki. Kisha kuna fimbo inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili yageuke pamoja, ndiyo tairodi. Kila mwisho wa fimbo hizo kuna kichwa chenye mpira wa chuma ndani, yaani tairodi endi. Magurudumu yenyewe yanageuka juu ya kingipini zilizopita kwenye ncha za ekseli. Ni vipande vichache, lakini kila kimoja kikilegea kidogo, jumla yake inafika mkononi mwako kama vidole vinne.

Sasa kipimo ambacho hakihitaji kifaa chochote isipokuwa msaidizi. Acha gari limesimama chini, matairi yakiwa ardhini, injini imezimwa. Msaidizi akae kwenye kiti atikise usukani kushoto na kulia, taratibu, ule mwendo mfupi tu wa kucheza. Wewe ingia chini na tochi. Weka kidole kwenye kila maungio, nusu ya kidole upande mmoja na nusu upande wa pili. Pitimani ikisogea na kichwa cha dragi linki kisisogee pamoja nayo, umepata kichwa kilichokufa. Shafti inayoingia kwenye boksi ikizunguka na pitimani ikatulia, ulegevu uko ndani ya boksi. Boksi zima likisogea juu ya chesisi, boliti zimelegea au chuma kimepata ufa, na magari ya kastomu yana tabia hiyo kwa sababu mabano yake yalitengenezwa na mtu, si na kiwanda.

Halafu tazama ekseli yenyewe. Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi.

Ford ya miaka hiyo, hadi magari yake ya 1948, ilikuwa na springi moja ya majani mbele, iliyolala kwa upana wa gari, ikishikwa kila upande na shako, yaani vipande vifupi vya chuma vinavyounganisha springi na ekseli. Shako zinabembea. Maana yake ekseli inaweza kusogea kushoto na kulia chini ya gari. Boksi la Vega, lililotoka kwenye gari lililouzwa kuanzia modeli ya 1971 hadi 1977, hupendwa sana na wajenzi wa kastomu kwa sababu ni dogo na jepesi, na kwa kawaida hufungwa ili dragi linki ikatize upande mwingine wa gari kusukuma gurudumu la mbali. Fikiria sasa: unageuza usukani, dragi linki inasukuma kwa upande, na ekseli iko huru kusogea kwa upande. Kabla gurudumu halijageuka, ekseli nzima inahama kwanza. Ukipita kwenye tuta, ekseli inabembea juu ya shako, lakini boksi limesimama palepale kwenye chesisi, basi dragi linki inageuza magurudumu yenyewe. Huko ndiko kuhama upande unakokusikia.

Dawa yake ni fimbo ya Panhard: mwisho mmoja unashikwa na chesisi, wa pili na ekseli, inazuia mwendo wa upande na kuruhusu wa juu na chini. Ila isiwe fimbo yoyote tu. Ikae sambamba na dragi linki, urefu wake ukaribiane nayo, na ishikwe kwenye chesisi upande uleule ambao boksi lipo. Hapo zote mbili zitachora mduara mmoja ekseli inapopanda na kushuka, na magurudumu hayatageuka. Kama gari lako halina fimbo hiyo, au inayo lakini ni fupi na imeelekea kinyume, utabadilisha tairodi hata mara tatu na tuta litaendelea kulihamisha. Wakati msaidizi anatikisa usukani, tazama shako. Zikicheza kushoto na kulia kabla ya tairi kugeuka, umeshapata jibu la ugonjwa wa pili.

Turudi kwa fundi wa kwanza, maana sitaki umdharau. Wazo lake lina asili. Kwenye Ford za kale zaidi, kama Model A ya 1928 hadi 1931, mpira wa chuma ulikuwa sehemu ya mkono wenyewe, na ulipolika ukawa kama yai, wakarabati hukata ule mpira na kuchomelea mpya. Lakini ile ni kazi ya sehemu iliyoandaliwa, chuma kinachojulikana, na mchomeleaji anayejua joto linafanya nini ndani ya chuma kilichofuliwa. Tairodi endi yako ni kitu kingine. Shina lake limefanywa gumu kwa joto maalumu, na moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo papo hapo, au unaacha sehemu moja ngumu na dhaifu kama kioo pembeni ya weldi. Siku ikikatika haitoi taarifa. Kichwa kilicholika kinabadilishwa, hakitengenezwi.

Sasa swali la spea zipi zinakuhusu. Hapa watu wengi wanapoteza pesa, kwa sababu wanaenda dukani na jina la gari. Ukisema "Ford 1940" utapewa vitu vya Ford 1940, na wewe una ekseli iliyofanyiwa kazi, mikono iliyokunjwa, boksi la kampuni nyingine na fimbo za Mungu anajua wapi. Gari lako halimo kwenye katalogi yoyote. Nenda na vipimo, na vipimo vyenyewe ni vitatu: tepa ya shina, uzi wa kichwa, na urefu.

Tepa ni ule unene unaopungua wa shina linaloingia kwenye tundu la mkono. Chukua vernia, kile kifaa cha kupimia vipenyo. Pima kipenyo cha shina karibu na bega lake, kisha pima tena milimita 10 mbele, pale linapoelekea kwenye uzi wa nati. Tofauti ikiwa milimita 1.25, una tepa ya 1 kwa 8, ambayo wauzaji wengi wa spea za Marekani huiita ya digrii 7 na ndiyo iliyozagaa kwenye magari yao. Tofauti ikiwa milimita 1 kamili, ni 1 kwa 10, utaikuta sana kwenye magari ya Ulaya. Ikikaribia 1.7, ni 1 kwa 6, ya baadhi ya magari makubwa. Pima mara tatu, maana tofauti kati ya hizo mbili za kwanza ni robo tu ya milimita na mkono ukitetemeka utajidanganya. Na usipime sehemu iliyochakaa, pima palipong'aa kwa kushikana vizuri.

Usiposhika hili unaweza kufunga shina la 1 kwa 10 kwenye tundu la 1 kwa 8, nati ikakaza, spliti pini (pini ya kuzuia nati isilegee) ikaingia, kila kitu kikaonekana sawa, kumbe shina linashikwa kwenye ukingo mmoja tu wa tundu. Litacheza kidogokidogo mpaka tundu liwe bovu au shina likatike. Kabla ya kufunga kichwa kipya, paka shina wino wa kalamu nene, liingize kwenye tundu, lizungushe kidogo, litoe. Wino ukifutika karibu mzunguko mzima kutoka juu hadi chini, tepa zinaelewana. Ukifutika kama pete moja nyembamba, rudisha kile kichwa. Tundu likiwa dogo linaweza kupanuliwa kwa rima, yaani kifaa cha kupanulia tundu, ya tepa ileile, mkononi, taratibu, ukipima kila mzunguko. Likiwa kubwa, usiweke bushi ya bati wala kipande cha kopo, nimeyaona yote hayo. Tafuta mkono mwingine, au mkereza vyuma atengeneze bushi ya tepa ya chuma kamili inayokaa kwa kubana, kama mkono una nyama ya kutosha.

Uzi nao una mtego wake. Vichwa vingi vya Marekani vinatumia uzi wa inchi 5/8 au 11/16, nyuzi 18 kwa kila inchi. Ile 5/8 ina kipenyo cha milimita 15.88. Uzi wa metriki wa milimita 16 wenye hatua ya 1.5 unafanana nayo kwa macho kabisa, lakini una nyuzi 17 hivi kwa inchi. Kichwa cha 5/8 kinaingia kwenye bomba la milimita 16 mizunguko kadhaa, kisha kinakaza, na mwenye haraka anadhani kimekaa. Nilipokuwa kijana nilifunga kimoja hivyo kwenye gari la mteja. Kilichoniokoa ni kwamba nilikivuta kwa mkono kabla ya kukishusha chini kutoka kwenye stendi, nikasikia mlio mdogo. Nyuzi mbili tu ndizo zilizokuwa zimeshika. Tangu siku hiyo sifungi kitu cha stelingi bila geji ya nyuzi mfukoni. Na kama gari limepita mikononi mwa mtu mwenye mapenzi na magari ya Uingereza ya kabla ya miaka ya 1950, angalia pia uzi wa Whitworth, ambao pembe yake ni digrii 55 badala ya 60.

Kumbuka kichwa kimoja kina uzi wa kulia na cha pili uzi wa kushoto, ili uweze kuzungusha bomba na kurekebisha alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, bila kufungua. Wakati wa kuagiza, sema waziwazi unataka kipi. Ndani ya bomba, uzi ulioingia usipungue kipenyo chake, na mara moja na nusu ya kipenyo ni bora zaidi, ukigawanywa sawasawa pande zote mbili. Ukiona kichwa kimoja kimeingia kabisa na cha pili kinaning'inia, urefu wa bomba si sahihi. Usiongeze kwa kuunganisha vipande, kata bomba jipya.

Urefu upime katikati ya shina hadi katikati ya shina la pili, magurudumu yakiangalia mbele. Andika yote hayo kwenye daftari moja la gari: tepa, kipenyo kikubwa cha shina, uzi, kulia au kushoto, urefu, na umbo, maana vingine vimepinda ili kukwepa ekseli. Ukiwa na daftari hilo, dunia ya spea inafunguka. Wauzaji wa vifaa vya magari ya kastomu huorodhesha vichwa kwa tepa na uzi, si kwa jina la gari. Duka la spea za malori au matrekta linaweza kuwa na kile unachotaka, kwa sababu tepa na uzi hawajui wamo ndani ya gari gani. Hata hivyo usichukue kichwa chepesi kilichotengenezwa kwa gari dogo ati kwa sababu kimeingia. Ekseli ya chuma na injini ya V8 juu yake ni mzigo.

Kuhusu spea za zamani ambazo hazijawahi kufungwa, zile zilizokaa kwenye boksi lake la karatasi miaka mingi: zinavutia, na chuma chake mara nyingi ni kizuri. Lakini grisi ya ndani imeshakauka ikawa nta, na raba ya vumbi imekuwa ngumu. Izungushe shina kwa mkono. Linatakiwa kuzunguka kwa uzito ulio sawa, bila kukwama na bila kulegea. Badilisha raba na pampia grisi mpya kabla ya kuifunga. Spea iliyotumika kwenye gari lililokufa mimi sichukui, isipokuwa mikono na pitimani, na hizo nazipima nyufa kwa rangi ya kupenya: unapaka rangi nyekundu, unafuta, unapuliza unga mweupe, na ufa unajichora wenyewe.

Umesema ekseli imeshushwa. Basi yamkini mikono ya stelingi nayo ilipashwa moto na kukunjwa ili tairodi isigonge. Ondoa rangi yote, hasa rangi nene nzuri, na utafute nyufa kwenye mkunjo. Tazama pia kama tairodi ilihamishwa kutoka nyuma ya ekseli kwenda mbele. Mikono ya gurudumu hupinda ili mstari kutoka kwenye kingipini kupitia tundu la tairodi uelekee katikati ya ekseli ya nyuma. Huo ndio mpango uliopewa hataza London mwaka 1818 kwa jina la Rudolph Ackermann, ingawa aliyeubuni alikuwa Georg Lankensperger wa Munich. Ukiigeuza tairodi mbele kwa mikono ileile, mpango unapinduka, na matairi yatalia kwenye kila kona ya taratibu.

Jambo moja kuhusu kromu, kwa sababu gari la kastomu na kromu ni ndugu. Kupaka kromu kunaingiza hidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla, isipokuwa kikiokwa kwenye joto la kama digrii 200 kwa saa kadhaa mara tu baada ya kupakwa. Bomba la tairodi, ambalo ni chuma laini, halina shida kubwa. Mashina ya vichwa, mikono na boliti za stelingi usipeleke kwa mpaka kromu asiyeweza kukueleza anavioka vipi. Binafsi, mashina sipeleki kamwe.

Kabla hujakaza boksi, pima kingipini. Inua gurudumu, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, msaidizi akanyage breki. Kucheza kukiisha, ni beringi ya gurudumu. Kukibaki, ni kingipini au bushi zake. Ukishika kushoto na kulia likacheza, rudi kwenye tairodi.

Boksi lenyewe liache mwisho. Watu hukimbilia ile skrubu ya juu kwa sababu inafikika, wanaikaza mpaka kucheza kunaisha, kumbe wanaficha kichwa kibovu na kuyasaga meno ya boksi. Fungua dragi linki kwanza. Hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho, rudisha katikati kabisa. Rekebisha beringi za ndani kwanza, kisha hiyo skrubu, na ufanye hivyo boksi likiwa katikati tu, kwa sababu limetengenezwa libane hapo na lilegee kidogo linapogeuka. Ukikaza likiwa limegeuka, litakwama unaporudi katikati. Hakikisha pia kwamba boksi likiwa katikati, magurudumu yanaangalia mbele. Kama sivyo, rekebisha urefu wa dragi linki, usivue usukani na kuugeuza.

Utunzaji si mgumu, unataka uaminifu tu. Vichwa vyenye nipeli, yaani chuchu ya kuingizia grisi, vipate grisi ya lithiamu namba 2 kila kilomita 1,500 hivi, au mapema zaidi ukipita kwenye maji na vumbi. Futa nipeli kabla ya kupampu, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Kwenye vichwa, acha raba ikianza kuvimba, usiipasue. Kwenye kingipini fanya kinyume: inua ekseli ili uzito uondoke, pampu mpaka grisi safi itokee juu na chini. Vichwa vilivyofungwa kiwandani bila nipeli usivitoboe. Vikilegea, badilisha. Ndani ya boksi weka mafuta ya boksi au grisi laini inayotiririka, kwa sababu grisi nzito ya chesisi husukumwa pembeni na meno na hairudi.

Unapofungua shina lililoganda, usitumie uma wa kabari kama unataka raba ibaki. Legeza nati bila kuitoa, shika nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, piga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Jicho linabonyea kidogo sana na shina linaruka. Unapofunga, nati ya taji ikifikia kipimo na tundu la spliti pini halijalingana, endelea kukaza hadi linalofuata. Usirudishe nyuma. Spliti pini ni mpya kila mara.

Mwisho ni alaimenti. Kwa ekseli yako, anza na magurudumu yakiwa yamekaribiana mbele kuliko nyuma kwa milimita 1.5 hadi 3, na kasta, yaani kulala nyuma kwa sehemu ya juu ya kingipini, ya digrii 5 hadi 7. Kasta ikipungua mno gari litatangatanga, na gari lililoshushwa mbele hadi chesisi ikainama mara nyingi limepoteza kasta bila mtu kujua. Kasta ya kulia na kushoto zikitofautiana, litavuta upande mmoja.

Anza na shako na fimbo ya Panhard. Kisha nitumie vipimo vya pitimani yako, hasa tepa ya tundu lake, kwa sababu pitimani ya Vega inaweza kuwa na tundu la kichwa cha GM (General Motors, wenye Chevrolet) au lililopanuliwa kwa kichwa cha Ford, na hapo ndipo tutajua vichwa vya dragi linki vya kuagiza. Gari lisiingie barabarani mpaka hapo. Na ukishafunga vyote, endesha taratibu kilomita chache karibu na nyumbani, rudi, inua tena, na ukague kila nati kwa mkono wako mwenyewe.